Umeme wa Lori la Kale: Tangu Dinamo hata Alteneta katika Njia ya Walikale

Katika njia itokayo Goma kwenda Sake, ikapanda Masisi, ikashuka Nyabiondo na Kashebere hata kufika Walikale, hakuna msafiri asiyeyajua maneno haya: "Betri imekufa." Lori laondoka asubuhi likiwa zima. Mchana laenda vizuri. Jioni lasimama kupakia maharagwe, dereva azima mashine, na anapotaka kuondoka tena ufunguo watoa mlio mdogo tu, tk! basi. Kesho yake, baada ya kusukumwa mtelemkoni, laenda siku 3 bila ugonjwa wo wote. Siku ya 4 lalala tena.

Watu husema lori lina pepo, au dereva ana mkosi, au betri iliyonunuliwa mjini ilikuwa ya uongo. Mara nyingine betri ni ya uongo kweli. Lakini mara nyingi ugonjwa huu wa kuja na kwenda una asili ya zamani, na fundi asiyeijua historia ya umeme wa lori aweza kubadili vyombo vyote, kimoja kimoja, mpaka fedha za mwenye lori ziishe, asione kitu. Kwa hiyo hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Tuanze na mashine yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, mashine yake ilifanya kazi vizuri mbele ya mashahidi. Siri yake ni hii: hewa ikibanwa kwa nguvu sana hupata moto mkali, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe. Haihitaji cheche ya umeme kama motokaa ya petroli. Katika miaka 1923 na 1924 viwanda vya Benz na MAN vikatoa malori ya kwanza ya dizeli, na tangu hapo mazutu, kama tunavyoyaita kwetu, yamekuwa chakula cha malori ya dunia nzima.

Jambo hili la kukosa cheche lina maana kubwa kwetu. Motokaa ya petroli ikiishiwa umeme hufa palepale, na dereva ajua saa ileile kwamba kuna ugonjwa. Lori la kale la dizeli halifi. Pampu yake huendeshwa na mashine, na dereva huizima kwa kuvuta waya wa chuma. Likiisha kuwaka litakwenda hata mafuta yaishe, ingawa betri haina kitu. Basi betri yaweza kufa njaa tangu Sake, na hakuna atakayejua mpaka giza liingie na taa ziwe nyekundu kama kaa la moto, au mpaka mashine izimwe. Ugonjwa wazaliwa mahali pamoja, waonekana mahali pengine, kilometa 40 mbele. Ndiyo sababu madereva wengi hukilaumu kijiji walicholala na kuisahau njia waliyopita. (Malori yaliyokuja baadaye yana kizuizi cha mafuta kinachoshikwa wazi kwa umeme. Hayo, waya wake ukilegea, mashine huzimika ghafula, na watu hupoteza siku nzima wakitafuta uchafu katika mazutu.)

Sasa umeme wenyewe. Mwaka 1831 Mwingereza Michael Faraday aligundua kwamba sumaku na waya, kimoja kikienda mbele ya kingine, huzaa umeme. Mwaka 1859 Mfaransa Gaston Planté akatengeneza betri ya risasi na asidi, ambayo ikiisha nguvu yaweza kujazwa tena. Betri ya lori iliyoko sokoni leo ni mjukuu wa ile. Hata hivyo motokaa za kwanza hazikuzaa umeme wa taa. Usiku ziliwashiwa taa za kabidi, yaani lile jiwe ambalo likitiwa maji hutoa hewa iwakayo. Wachimba madini nao walizivaa kichwani. Mwaka 1913 kiwanda cha Robert Bosch cha Stuttgart kikaanza kuuza taa za umeme za motokaa pamoja na dinamo yake na kidhibiti chake, na mwaka uliofuata stata, ambayo kwetu huitwa demareri. Marekani walikuwa wametangulia kidogo, kwani Cadillac za mwaka 1912 ziliwashwa kwa stata ya Charles Kettering. Hapo ndipo ndoa ilipofungwa: dinamo hulisha betri, betri huwasha stata, stata huamsha mashine, mashine huzungusha dinamo. Mmoja wao akilegea, wote wanalala.

Dinamo ilikuwa chombo cha nguvu lakini kizito. Ndani yake kuna pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande, na juu ya pete hiyo hukwaruza brashi 2 za kaboni, ambazo ni brashi kwa jina tu, maana hazina nywele. Umeme wote uendao kwenye betri lazima upite katika brashi hizo. Mashine ikienda pole pole, dinamo haitoi kitu cha kufaa. Ikienda mbio, yatoa. Kwa hiyo walifunga kando yake kisanduku chenye vijifungo vya sumaku, kinachoitwa kataauti katika gereji nyingi za Afrika ya Mashariki, nasi kwetu twasema regileta. Kazi yake ni kukata njia dinamo inapolala ili betri isimwage umeme wake nyuma, na kuizuia dinamo isilishe kupita kiasi.

Wazee waliofanya kazi na malori ya mashamba, ya madini na ya misheni katika siku za Wabelgiji, na miaka ya kwanza baada ya uhuru wa 1960, walijifunza ufundi wao juu ya dinamo. Walikuwa mafundi kweli. Walijua kusafisha pete ya shaba kwa karatasi ya msasa, kukata brashi kwa kisu, kurekebisha vijifungo vya regileta kwa kuvipinda kidogo. Nao walikuwa na majaribio 2 ambayo kila mwanafunzi aliyapokea kwa mwalimu wake. La kwanza: mashine ikiwa inazunguka, ondoa waya wa betri, mashine ikiendelea na taa zikiendelea kuwaka, dinamo ni nzima. La pili: ondoa waya mnene wa dinamo, uguse nao bodi ya lori upesi, ukiona cheche nene, dinamo ni nzima. Kwa dinamo majaribio hayo yalikuwa ya ovyo kidogo, lakini dinamo iliyavumilia.

Ikaja alteneta. Umeme unaozaliwa ndani yake huenda mbele na kurudi nyuma, nao haufai kwa betri mpaka ugeuzwe uende upande mmoja. Zamani hakukuwa na chombo kidogo cha kuugeuza. Katika miaka ya 1950 viwanda vilijua kutengeneza diodi za silikoni, vijipande vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, kama mlango usio na njia ya kurudi. Mwaka 1960 Chrysler wa Marekani wakaiweka alteneta katika motokaa yao Valiant, wakaiuza kwa watu wengi, na katika miaka ya 1960 na 1970 viwanda vya malori vya Ulaya na Japani vikaiacha dinamo pole pole. Faida yake ilikuwa wazi: alteneta ni nyepesi, na hulisha betri hata mashine inapozunguka taratibu. Kwa lori linalotambaa katika tope la Kibua jambo hili ni kubwa.

Angalieni sasa, wasomaji, mahali historia inapotuumiza. Chombo kilibadilika, desturi haikubadilika. Alteneta inayozunguka bila betri hupandisha volti kwa ghafula, na zile diodi huungua kwa dakika moja. Alteneta inayoguswa bodini ili ione cheche huungua vilevile. Majaribio ya babu, yaliyoonyesha kwamba dinamo ni nzima, ndiyo hasa yanayoiua alteneta. Nasi tumeona kwa macho yetu, mwaka huu na mwaka uliopita, vijana wenye akili nzuri wakivuta waya wa betri huku mashine inanguruma, kwa sababu walifundishwa na mtu aliyefundishwa na mtu wa dinamo. Hatuwacheki. Hakuna kitabu kilichofika Nyabiondo kuwaambia kwamba mambo yamegeuka.

Ubaya zaidi ni kwamba diodi haifi daima mara moja. Katika alteneta ya kawaida kuna diodi kubwa 6. Ikiungua moja, chombo huendelea kulisha kwa nguvu iliyopungua. Mchana betri yatosheka. Usiku taa zinapowashwa haitosheki. Diodi nyingine hupitisha umeme zikiwa baridi, zikipata joto zakataa. Nyingine huvuja, zikanywa betri usiku kucha lori likiwa limelala. Kwa hiyo kosa la dakika moja lililofanywa Goma mwezi wa 3 laweza kuzaa ugonjwa wa kuja na kwenda mwezi wa 5, wala hakuna atakayekumbuka. Kadhalika kulehemu. Chesisi za malori yetu hupasuka kwa mashimo ya njia, nazo hulehemiwa kila mara. Fundi wa kulehemu asipoondoa kwanza nyaya za betri na za alteneta, umeme wake hupita humo.

Tuseme sasa habari ya taa ndogo nyekundu iliyo mbele ya dereva, maana wengi huidharau. Watu wadhani kazi yake ni kutoa habari tu. Kumbe, katika alteneta nyingi za kale, taa hiyo ni njia. Dinamo ilibaki na sumaku kidogo ndani ya chuma chake hata ikisimama, ikaweza kujiamsha yenyewe. Alteneta ina sumaku kidogo mno. Ufunguo ukifunguliwa, umeme hutoka katika betri, wapita ndani ya balbu ile nyekundu, waingia katika sehemu izungukayo na kuifanya sumaku. Ndipo alteneta huamka, na taa yazimika. Balbu ikiungua, njia imekatika. Alteneta hulala. Lakini yaweza kuamka dereva akikanyaga mafuta kwa nguvu sana, na ikiisha kuamka hulisha vizuri kabisa mpaka mashine izimwe.

Fikirini basi jambo hili katika nchi yetu. Lori laondoka Sake na kuanza kupanda milima. Dereva yupo katika gia ndogo, mashine yapiga kelele, alteneta yaamka. Hata Masisi betri yashiba. Pale azima mashine, apakie. Akiwasha tena, njia yatelemka. Mashine yazunguka taratibu, alteneta imelala, wala hakuna taa ya kumwambia. Usiku wamkuta msituni bila mwanga. Kesho yake akipanda kurudi, kila kitu ni kizima. Je, si pepo huyo?

Tulisafiri siku moja katika lori la namna hiyo, la mfanya biashara mmoja tusiyemtaja jina. Juu ya magunia walikuwa watu 20 na zaidi, na kati yao mama mmoja mjamzito akipelekwa kwa dada yake. Lori lilikuwa limekwisha kununuliwa betri 2 mpya na alteneta moja. Baada ya Nyabiondo taa zikafifia, na dereva, aliyekuwa mtu wa busara, akakataa kwenda mbele katika giza kwa taa za simu za abiria, ingawa walimhimiza. Tukalala palepale, mama yule akiwa amelazwa chini ya turubai, na wanaume wakikesha kwa zamu kwa sababu ya usalama wa sehemu ile. Asubuhi akaitwa mzee mmoja wa kijijini aliyekuwa fundi zamani.

"Papa," dereva akamwambia, "alteneta ni mpya, betri mpya, nyaya nimefunga upya."

"Mwanangu, sikuuliza upya wake. Taa nyekundu ya hapa mbele, uliiona lini mara ya mwisho?"

"Ile? Ile imekufa tangu lori liko kwa mwenyewe wa kwanza. Haina kazi."

Mzee akacheka, akaomba balbu ya taa ya pembeni, akaitia kwa waya 2 mahali pa ile iliyokufa. Ufunguo ukafunguliwa, ikawaka. Tukasukuma lori, mashine ikawaka, balbu ikazimika. Hakufanya neno jingine. Akadai kuku, akapewa fedha. Mama yule alifika kwa dada yake adhuhuri.

Tumeeleza habari hiyo kwa sababu yaonyesha mpango wa kuuliza. Fundi mwema huanza na maswali kabla ya spana: Lilianza lini? Mashine ikiwa na joto au baridi? Baada ya mvua? Baada ya kulehemu? Nani aliligusa mwisho? Lori la kale ni kama daftari la ukoo. Lina waya wa Kijerumani, kiungo cha Kampala, alteneta ya lori jingine, na fundo la mpira wa baiskeli lililofungwa usiku wa vita. Kila fundo lina sababu yake.

Na sababu zilikuwa nyingi. Zamani wakantonye waliwekwa sehemu sehemu za njia kufukia mashimo na kuzibua mifereji. Kazi hiyo ilidhoofika katika miaka ya Zaire. Machi 1993 mapigano yalianza sokoni Ntoto, katika Walikale, yakaenea Masisi, na baada yake vita vikafuatana. Njia ikawa mbaya hata katika miaka ya 2000 ndege za mizigo zilitua juu ya kipande cha lami cha barabara pale Kilambo, karibu na Walikale, zichukue kasiteriti ya Bisie kwenda Goma. Nayo kasiteriti ilikuwa imebebwa kwanza mgongoni mwa watu katika msitu. Barabara ikawa kiwanja cha ndege kwa kukosa barabara! Januari 2025 vita vilifika Masisi-Centre, na Machi 2025 Walikale-Centre. Katika nyakati kama hizo kipuri hakifiki, na fundi hutumia alicho nacho. Tusiyalaumu mafundo yake. Tuyafungue kwa heshima, tuone chini yake kuna nini.

Chini yake mara nyingi kuna kutu. Nchi yetu ina maumbile 2 katika njia moja. Masisi ni milima, baridi, mawe; lori hutikisika toka asubuhi hata jioni, nati hulegea, nyaya hukatika ndani ya ngozi yake pasipo kuonekana nje. Walikale ni bonde la mto Lowa, msitu, joto na unyevu. Shaba hugeuka kijani, na vichwa vya betri huota unga mweupe. Mtikiso wa Masisi hufungua kiungo, unyevu wa Walikale hukitia kutu. Waya mwovu kuliko wote ni ule unaofunga betri na mashine kwenye chesisi, ambao kwetu huitwa masi. Umeme ukienda lazima urudi, na njia yake ya kurudi ni chuma cha lori. Watu huhangaika na waya wa kwenda, wakausahau wa kurudi, ambao umefungwa kwa nati moja yenye rangi na tope.

Mwenye mita ya volti, hata ile ndogo ya sokoni, ana mwanga wa kutosha. Betri ya volti 12 iliyoshiba, ikipumzika, husoma 12.6, ikisoma 12.0 ina njaa kabisa. Mashine ikizunguka na alteneta ikilisha, yapasa isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Katika lori la volti 24 hesabu ni mara 2: 25.2 ikipumzika, na kati ya 27.6 na 28.8 ikilishwa. Lakini kipimo kizuri zaidi, ambacho hatukuona wengi wakikitumia, ni hiki: washa mashine na taa zote, kisha weka ncha moja ya mita juu ya mlango wa umeme wa alteneta, na ncha nyingine juu ya kichwa chanya cha betri. Hapo mita yaonyesha umeme unaopotea njiani. Ikizidi nusu volti, waya huo au kiungo chake ni mwizi. Fanya hivyo tena kati ya mwili wa alteneta na kichwa hasi cha betri. Hapo ipotee kidogo zaidi, sehemu 2 au 3 za kumi za volti. Msaidizi atikise nyaya pole pole wakati wewe watazama. Namba ikiruka, ugonjwa umeshikwa mkono. Asiye na mita na aguse viungo baada ya mwendo: kiungo kibovu hupata joto kuliko wenzake. Atazame pia mkanda, maana mkanda uliolegea au kung'aa kama kioo huteleza mzigo ukiwa mkubwa, hasa baada ya kuvuka maji, kisha hukauka na kushika tena.

Na brashi? Alteneta inazo pia, ndogo, nazo huisha. Zikiwa fupi, mtikiso wa njia huzirusha, umeme wakatika, warudi. Ukigonga mwili wa alteneta kwa mpini wa nyundo, taratibu, na taa nyekundu ikabadilika, umezipata.

Liko jambo jingine ambalo historia ya hapa kwetu imelizaa. Vijiji vingi vya Masisi na Walikale havijawahi kupata waya wa umeme. Kwa miaka mingi lori lilikuwa kiwanda pekee cha umeme kilichopita kijijini. Redio za fonie za misheni na za zahanati ziliishi kwa betri za motokaa, na leo simu nyingi hujazwa hivyo hivyo. Lakini redio na simu hutaka volti 12, na lori kubwa lina betri 2 zilizofungwa mfuatano kupata 24. Utingo hufanya nini? Huchukua waya katika betri moja tu. Betri hiyo hupungua peke yake. Alteneta, ambayo huziona zote 2 kama kitu kimoja, hulisha kwa jumla. Basi mmoja abaki na njaa daima, na mwenzake ashibishwe kupita kiasi mpaka maji yake yachemke na kukauka. Baada ya miezi michache betri zote 2 zimekufa, moja kwa njaa na nyingine kwa shibe. Dawa ni kipunguza volti, kisanduku kidogo kinachotoa umeme katika betri zote 2 pamoja. Na kila apimaye aipime kila betri peke yake, wala asitosheke na jumla. Tena asilete moto wala sigara juu ya betri inayochemka, maana hewa itokayo humo hulipuka, na asidi hupofusha macho.

Twasikia wengine wakisema malori haya ya kale yatakwisha, na ya sasa yana kompyuta, hivyo maarifa haya hayana kazi. Katika njia yetu hatujaona yakiisha. Tena mitego haijaisha kuzaliwa. Sasa kila soko lauza taa ndogo za ledi, nyeupe, nzuri, zisizokula umeme. Dereva aliyechoshwa na balbu za kuungua hununua ledi, akaiweka mahali pa ile taa nyekundu. Yawaka vizuri kuliko ya kwanza. Lakini kwa kuwa haili umeme, haipitishi umeme wa kutosha, na alteneta haiamki, kama vile pasingekuwa na taa. Fundi anayejua huiondoa na kurudisha balbu ya zamani ya wati 2 au 3. Kati ya vipuri vyote tulivyovitaja hakuna cha bei ndogo kama hicho. Na kisipopatikana dukani, hutolewa katika lori lililokufa kando ya njia.